Gari Lisilojua Kuharibika

Nilitoka Kihonda kwa sababu ya simu ambayo haikufika hata dakika moja. Shemeji yangu Deo, kaka wa mke wangu, alinipigia Jumatatu asubuhi nikiwa chini ya gari la mteja pale gereji kwangu. Hakunipa hata nafasi ya kumsalimia. "Shemeji," alisema, "gari lako limenishinda. Njoo ulichukue." Akakata. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena, nikaambiwa simu imezimwa.

Gari lenyewe si langu. Ni lake, na kadi ina jina lake. Lakini miaka saba iliyopita, alipochoka na pikapu yake ya kizamani, aliniuliza anunue nini, nami kwa kinywa changu nikamwambia achukue pikapu ya kisasa, dabo kebini, dizeli, yenye injini ya kompyuta. Nikamwambia, "Hili utazeeka nalo." Mafundi wenzangu walinicheka. Walisema magari ya kompyuta hayafiki mbali kwenye zile njia za Uluguru. Sasa ona. Nina miaka thelathini nalala chini ya magari ya watu, na cha kujivunia ninacho kimoja tu: nikisema gari ni zima, ni zima. Kama ndugu wa mke wangu anasema nimempotosha, wateja watasema nini?

Siku nzima sikutulia. Nilifunga nati moja mara tatu. Jioni mke wangu Felista alinitazama ninavyokaa na kuinuka, akasema, "Baba Oscar, nenda kesho. Ukibaki hapa utaiharibu na hiyo redio unayoichokonoa."

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa barabarani, begi la spana mapajani, kompyuta yangu ya kupimia magari imefungwa kwenye kanga ya Felista. Lifti nilipewa na Mama Tatu, mteja wangu anayefuata ndizi na nanasi Mkuyuni na kuziuza mjini. Pikapu yake na ya Deo ni pacha, toleo moja, hata weupe ni mmoja. Nilimwomba lifti kwa sababu hiyo. Nilitaka kulisikia gari la aina ile likiwa njiani, chini ya mtu anayelijua.

Mjini tulipita sijaona kitu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwepo, mpaka Mama Tatu akaniambia niushike.

Bigwa tulikata kona, milima ikawa mkono wetu wa kulia, ukungu bado umelala mabegani mwake. Hapo nikashindwa kuvumilia. "Mama Tatu, niambie kweli, usinionee haya. Miaka sita na gari hili. Unajuta?"

"Mwaka wa kwanza nililiosha kila siku," alisema. "Mwaka wa tatu dizeli chafu ikaua nozeli, nikataka kulitia kiberiti, wewe mwenyewe ndiye uliyenituliza. Sasa nimelijua. Dizeli ya sheli moja tu, filta nabadili mapema, na taa ya injini ikiwaka nasimama. Sibandiki plasta juu ya taa kama hao wengine."

"Kwa hiyo umeridhika."

"Nimeridhika kwa sababu nina geti. Likiingia ndani jioni, nimefunga. Mwenye shida na gari langu ataongea na mbwa." Akacheka. "Kadi tu haitoshi kulifanya gari lako, fundi. Geti ndilo linalolifanya lako."

Sikulizingatia hilo. Nilikuwa nasikiliza bushi ya mbele upande wa kushoto, kile kimpira cha chini ya gari, maana ilikuwa inalalamika kidogo tangu Bigwa.

Mkuyuni tulifika watu wanapanga nanasi chini. Nilishuka, nikamuuliza mama mmoja muuza ndizi kama anaifahamu pikapu nyeupe ya Deo. Akanitazama kama nimemuuliza kama analifahamu kanisa. "Hilo halijawahi kulala njiani," alisema. "Juzi limepita na maiti. Jana limepita na kwaya. Leo alfajiri limepita na mjamzito." Nilimshukuru, na hasira ikaanza kunipanda. Gari linalofanya yote hayo limemshindaje mtu?

Kutoka Mkuyuni nilichukua bodaboda kufuata njia ya Matombo, kisha tukaiacha na kupanda kushoto na kulia mpaka kijijini kwao. Kijiji sitakitaja, na sababu utaiona. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu na mawe, na kabla ya kufika kuna mteremko mmoja mkali unaoishia mtoni, halafu unapanda tena upande wa pili. Niliutazama mteremko ule kwa jicho la fundi nikasema moyoni: kama ameua kitu, amekiulia hapa.

Saa nne nilikuwa nyumbani kwa Deo, na Deo hayupo. Mke wake, Mama Lusia, alinipa chai na magimbi ya kuchemsha. Nilimuuliza mumewe atarudi saa ngapi. "Akirudi," alisema. Nilikaa, nikainuka, nikazunguka nyumba. Shamba la migomba mbele ya nyumba lilikuwa limemezwa na majani, na mikungu miwili ilikuwa imeivia mtini, inaliwa na ndege. Deo ninayemjua mimi hawezi kuacha mkungu ukaliwa na ndege.

Saa nane mchana gari likaingia. Deo alishuka amekonda, macho mekundu, udongo mpaka magotini. Nilimpa pole, sikungoja jibu, nikafungua boneti. Nilichomeka kompyuta, nikaiacha isome kila kitu. Hakuna kosa. Nikasoma tena. Nikashika mikanda, nikanusa mafuta, nikalala chini nikatikisa kila kinachotikisika. Bushi mbili zimechoka kidogo na springi moja ya nyuma imelegea, basi. Nikaliendesha mpaka juu ya kilima na kurudi. Miaka saba ya njia zile, na lilipanda kama limetoka kununuliwa jana. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo iliyonitia hasira zaidi.

"Deo, gari hili ni zima."

"Najua," alisema.

"Umenitoa Kihonda, sijalala, kwa gari zima?"

Alikaa kwenye ukingo wa bodi nyuma, miguu inaning'inia. "Shemeji, unalikumbuka lile la zamani? Lilikuwa likiharibika kila wiki ya pili. Nilikuwa nalitukana. Lakini likiharibika, mimi nalala. Nalima. Mtu akija, namwonyesha boneti iko wazi, ananipa pole na kuondoka. Hili haliharibiki. Kila mtu anajua haliharibiki. Mgonjwa, Deo. Maiti, Deo. Harusi, Deo. Mbuzi wa mtu ametumbukia korongoni, Deo. Mafuta wananichangia, sina malalamiko. Lakini tangu Pasaka sijashika jembe siku mbili mfululizo. Jumapili iliyopita nilisinzia kwenye usukani na watu kumi na mmoja nyuma."

"Si uwaambie hapana."

"Wewe mtu wa mjini," alisema. "Nimwambie nani hapana? Wote wale ni mama zangu na wajomba zangu."

Ndipo akaniomba jambo ambalo sijaombwa na mteja yeyote maishani. "Ling'oe kitu kimoja. Kidogo tu, uondoke nacho Kihonda. Wiki tatu, shemeji, niliokoe shamba. Ukikataa, Jumamosi nalipeleka kwa dalali. Nimeshaongea naye."

Nilijua akiliuza, hakuna mwingine pale mwenye gari. Nilijua pia nisipomsaidia atawaangusha watu korongoni. Lakini mkono wangu haujawahi kuharibu gari la mtu. Nilizunguka gari lile nadhani mara kumi. Mwishowe, jua likiwa linaelekea nyuma ya milima, nilifungua kisanduku cha fyuzi nikachomoa rilei ya mafuta, kidude kisichozidi kiberiti lakini bila hicho gari haliwaki, nikakitia mfuko wa shati. Nilipofunga boneti nikamwona mama mmoja amesimama njiani na mzigo wa kuni. Alikuwa Mama Koleta, kiongozi wa kwaya.

"Limekuwaje?" aliuliza.

"Limeharibika," Deo aliwahi kusema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua gunia.

"Poleni sana," alisema Mama Koleta, akaenda zake.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi niliamshwa na sauti za watu. Nilitoka nje nikidhani kuna msiba. Uani kulikuwa na watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, wengine na kamba mabegani, wengine wamejifunga vitenge viunoni tayari kwa kazi. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa tayari ameshika bodi. "Shikamoo mzee," nilisema. "Marahaba," alijibu, "shika upande ule."

Mama Koleta ndiye aliyesema kwa niaba yao. "Deo, umetubeba miaka saba. Leo tunalisukuma hilo gari mpaka Mkuyuni, kwa mafundi wenye vifaa. Wewe kaa kwenye usukani tu."

Nilimtazama Deo. Akapanda, akashika usukani. Mimi nilikuwa na rilei mfukoni, na nilisukuma. Nilisukuma gari zima, jamani, mimi fundi, bega kwa bega na mzee mwenye fimbo, na kwaya inaimba kupeana nguvu. Jasho lilinitoka, na jingi halikuwa la kazi. Kila mara gari liliposimama watu wapumzike, Mama Koleta aliweka jiwe nyuma ya tairi. Alilibeba jiwe lile njia nzima, pembeni yangu.

Tulipofika juu ya mteremko wa mtoni, wanaume wakafunga kamba nyuma ili walizuie wakati linashuka, na wanawake wakatangulia mbele kutoa mawe njiani. Pikapu ya kisasa injini ikiwa imezimwa, breki zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito, na kamba zile zilikuwa za kufungia mbuzi. Deo alijua. Niliona ameshakanyaga breki kabla hata hatujaanza kushuka.

"Simameni," nilisema. Hawakusikia. Nikapiga kelele, "Simameni!"

Mama Koleta akatupa jiwe lake mbele ya tairi. Nikafungua boneti, nikainama, nikairudisha rilei. "Jaribu," nilimwambia Deo. Likawaka mara moja, laini kabisa. Watu wakashangilia, wakanishika mkono, na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ningewaambia kila kitu pale pale, lakini Deo alikuwa ananitazama kupitia kioo na machozi yanamlenga. Kwa hiyo nilichomeka kompyuta, nikaitazama muda mrefu, nikasema kwa sauti ya ufundi, "Sikilizeni. Gari hili lina kompyuta, na kompyuta inasema limechoka. Jumatano na Jumamosi halitakiwi kuwashwa kabisa. Labda mtu anakata roho. Vinginevyo lipumzike. Mkilikosesha hizo siku mbili, likifa mimi silifufui."

Walikubali bila neno moja la ubishi. Mzee mwenye fimbo alisema hata ng'ombe wa kulima hupumzishwa. Wakaanza kurudi kijijini kwa miguu, wanacheka, kamba mabegani.

Mama Koleta alibaki nyuma. Alifungua kitenge mgongoni, akatoa nanasi mbili alizonibebea toka nyumbani, akazipanga vizuri kwenye begi langu la spana. "Fundi," alisema taratibu, "jana nilikuona ukikitia mfukoni hicho kidude."

"Sasa kwa nini umekuja kusukuma?"

"Mtu akifika mahali pa kuvunja gari lake mwenyewe," alisema, "amechoka kweli. Ningemwambia nini? Nikaona bora nisukume." Akajifunga kitenge chake kichwani. "Hiyo kompyuta yako ina utu."

Saa tano asubuhi Deo alinishusha Mkuyuni. Nilimwambia abadili bushi zile mbili, akasema atabadili. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mjini nilirudi na lori la nanasi, na njia nzima nilikuwa namkumbuka Mama Tatu na geti lake. Wateja wananiuliza kila siku pikapu ipi inadumu, nami nawajibu habari za nozeli na giaboksi. Sikuwahi kuwauliza: likidumu, nani utashindwa kumwambia hapana? Siku hizi nauliza. Wengine wanadhani nimezeeka vibaya.

Felista alitaka kujua gari lilikuwa na nini. Nikamwambia halikuwa na kitu. Akasema basi kaka yake ndiye mwenye kitu, na akaenda kumenya nanasi.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, nilishindwa kutulia, nikampigia Deo. "Limepumzika?"

"Limepumzika. Nimelima tangu alfajiri."

"Hakuna aliyekuja?"

"Hakuna hata mmoja. Wanakuheshimu, shemeji." Nilisikia ndege, na maji yanadondoka kwenye ndoo. "Nimeliosha mara mbili. Niko hapa barazani naangalia njia." Kisha akauliza, "Hivi hiyo kompyuta yako haiwezi kusema Jumatano iwe nusu siku?"