Ameitika

Kwa Kiswahili chetu cha mji wa Baraka, kuitika ni neno moja lenye kazi mbili. Mtu akiitwa, anaitika. Mtu akikubali jambo, anaitika pia. Mimi, muuguzi mwenye diploma na sauti kubwa, nilishindwa kutofautisha hayo mawili, na kosa langu likamwangukia dada yangu.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Kila asubuhi tuliimba na kupiga makofi mbele ya bendera. Kiongozi anaita, sisi tunaitika. Nami nikaichukua namna ile ile hadi zahanati. Wagonjwa wakishakaa kwenye mabenchi, napaza sauti: "Lutuku?" Wanajibu: "Mubaya!" "Dawa?" "Tumalize!" Kisha wanarudi kwao, na lutuku, ile pombe kali ya mihogo, inanyweka kama kawaida. Nilijiona mwalimu hodari sana.

Dada alikuwa na kifua kikuu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu. Alitakiwa kuja kupigwa sindano kila siku kwa miezi. Alikuja akinuka lutuku, au hakuja kabisa. Nilimfokea mbele ya watu. Aliinamisha kichwa: "Ndiyo, muganga." Nikaandika kwenye karatasi yake: ameitika. Mara nne niliandika hivyo. Nyumbani nikasema sikio la kufa halisikii dawa. Nauchukia ulimi wangu hadi leo.

Pale zahanati tulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha Swima, msaidizi aliyefagia na kuchemsha sindano. Shule hakuiona. Siku moja alikaa karibu na dada, akamwuliza taratibu:

"Mama, iyi lutuku inakusaidiaka nini?"

Nilicheka. Swali gani hilo! Mama yule akangoja jibu. Nikafungua kinywa nimjibie dada, mama akanitolea jicho nikaacha.

"Nikikunywa, nalala," dada akasema. "Nikiacha, namusikia mutoto analia."

Kitinda mimba wake alikufa kwa surua miaka miwili kabla, pale pale zahanati, mikononi mwangu. Mimi nilikuwa nimeshazoea vifo vya surua. Nilikuwa nimekaribia kusahau kwamba huyu alikuwa mwana wetu.

"Kuko siku yenye hukunywaka?" mama akauliza.

"Iko. Siku ya kwenda shamba na bamama wenzangu."

"Sasa we mwenyewe unaona tufanye namna gani?"

Dada akasema atapitia sindano akielekea shambani na wenzake, na lutuku ataipunguza kidogo kidogo. Hilo lilikuwa shauri lake, hakupewa na mtu, na alilishika. Majuma sita hakukosa hata siku moja.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Kifua kilikuwa kimeliwa, akaanza kukohoa damu, akashindwa kutoka ndani. Alasiri moja nilikwenda kumwona. Nilitaka kuuliza kama yule mama wa Swima, lakini kila swali langu lilitoka limejaa mawaidha. Dada akacheka kidogo, akakohoa. Mwishowe nikaacha mawaidha, nikauliza kitu ambacho kweli sikukijua.

"Yaya, ile wakati ya kwanza, juu ya nini hukukuya kwa sindano? Ni lutuku tu?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi.

"Ile siku nilileta mutoto," akasema, "ulinigombeza juu ya kuchelewa. Ulinigombeza kwanza, kisha njo ukamushika mutoto. Toka ile siku niliogopaka kuya kwako. Nilikuwa nakunywa kwanza, nipate nguvu ya kukuona."

Nililia kama mtoto, nikiwa na koti langu jeupe. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Siku ya tatu tulimzika.