Chuma Katika Paja la Soila

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale Bisil, kazi yangu mvua ikikaribia ilikuwa kutoa vyuma nje. Koko, nyanya yangu, aliamini radi hutafuta chuma, kwa hivyo wingu likianza tu kuwa jeusi mimi mbio: panga, jembe, sufuria, karai, vyote nyuma ya nyumba, halafu nafunika kioo na leso. Nilijivunia hiyo kazi sana.

Mwaka huo binamu yangu Soila, tuliyelingana naye umri, aligongwa na pikipiki siku ya soko. Mfupa wa paja ukavunjika, na huko Kajiado madaktari wakauunganisha kwa chuma. Alirudi kwa Koko akichechemea, tukala sahani moja kama kawaida, na sikuwaza lolote.

Alasiri moja ngurumo ilipiga karibu hata mabati yakatetemeka. Nilikuwa nimeshatoa kila kitu, nikaanza kuvitaja kwa sauti ili nionekane hodari, kimoja kimoja, na nilipomaliza nikasema, “Koko, na kile cha Soila?”

Wadogo wakacheka. Mmoja akasema, “Soila ni sufuria!” Koko hakucheka, na hakunikemea pia. Aliangalia mguu wa Soila, halafu akaangalia mlango. Hapo ndipo nikapata nguvu.

“Toka bwana, utatuua!”

Soila akatoka. Akaketi kwa zizi la mbuzi, mvua ikimpiga, na mimi nikasimama mlangoni ili asirudi. Radi haikumpiga. Haikupiga chochote. Aliporudi meno yakigongana, Koko alimfunika blanketi akaniambia nimpe chai. Soila hakuipokea mkononi mwangu.

“Weka hapo,” alisema.

Miezi mingi baadaye mfupa ulikuwa umepona, wakakitoa kile chuma. Siku aliyotoka hospitali, kabla hata hajaketi, alimuuliza Koko, “Sasa naweza kukaa ndani mvua ikinyesha?” Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Koko akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Sasa mimi ni mama, nimemaliza kidato cha nne, fizikia nilipita vizuri tu, naishi Kitengela kwa nyumba ya mawe. Na binti yangu Nashipae, wa miaka sita, alianguka kwa ngazi za ploti tunayopanga mwaka jana akavunjika paja, yuko na vyuma viwili ndani. Wiki iliyopita daktari aliangalia picha akasema mfupa umeshika, vyuma vitatolewa lakini hakuna haraka, tungoje shule zifungwe.

“Lakini daktari, analia na maumivu,” nikasema. “Kila siku.”

Nashipae akanitazama. Haumwi popote. Anaruka kamba. Ni mvua ndiyo inakaribia. Daktari akatuandika Jumanne, na mimi nikashukuru, mtoto alazwe na dawa ya usingizi, apasuliwe upesi, kwa sababu ya uongo wangu.

Jana ngurumo ililia, mara moja tu, mbali. Nilimbeba mdogo wake nikaenda naye jikoni, na Nashipae nikamwacha kwa kochi.

“Mama, nikuje pia?”

Nilisimama pale nimeshika mtoto mmoja. Aliposema tena, “Mama?”, ndipo nikarudi nikaketi karibu na yeye, na mvua haikunyesha hata tone.

Leo asubuhi nilimpigia daktari simu. “Mtoto haumwi,” nikasema. “Nilidanganya.”

“Kwa nini, mama?”

Nikatafuta jibu la mtu aliyesoma, sikupata. “Naogopa radi.” Nashipae alikuwa amesimama hapo kando yangu, akasikia yote.

Tutangoja shule zifungwe. Soila anaishi Kajiado mjini, namba yake niko nayo, na miaka hii yote nimepanga siku moja nitamwomba msamaha. Nilikuwa nianze kwa kusema nilikuwa mtoto, sikujua. Sasa sijui nitaanzia wapi.