Simu Juu ya Kiti

Kwetu, kaskazini mwa Kenya, ardhi ni ya jamii nzima, na katikati ya ardhi hiyo kampuni ilichimba visima vya mafuta. Gesi wasiyoitaka huchomwa kwenye ncha ya bomba refu, usiku na mchana. Nyumba ya mama iko chini ya moshi ule. Anakohoa. Mbuzi nao wanakohoa, na usinicheke, mbuzi hukohoa.

Kabla sijaja Doha nilikuwa kibarua palepale. Nilimbebea fundi mashine ya kupima hewa. Siku ya kipimo alitazama moshi unakopeperukia, kisha akaniambia niisimamishe ng'ambo ya pili, upande upepo unakotoka. Mimi ni mtoto wa wafugaji, upepo naujua. Moshi haungefika pale hata kwa bahati mbaya. Nikashika mlingoti wa mashine, yeye akaandika kwamba hewa ni safi. Nikanyamaza, maana nilitaka kuitwa kazini tena kesho yake. Ni dada yangu tu niliyemsimulia jioni ile.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa sekyuriti kwenye jengo moja refu la West Bay, hapa Doha, dada akanipigia. Leseni ya kampuni ilikuwa inakwisha, na afisa wa mazingira angekuja barazani kuwasikiliza wenye ardhi kabla ya kutoa nyingine. Kampuni ilikuwa na karatasi za vipimo. Sisi hatukuwa na karatasi yoyote.

"Tuna wewe," dada akasema. "Utaongea kwa simu. Useme tu mashine iliwekwa wapi."

"Nipigieni saa nne asubuhi," nikajibu kwa mbwembwe. "Nitawamaliza hao!"

Usiku ule, kitandani katika kambi ya wafanyakazi, nilijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nije. Huku nawafungulia watu mlango kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Upweke wa namna hiyo unachosha kuliko kusimama.

Saa za Doha na za kwetu ni zilezile, kwa hiyo kisingizio hicho sikuwa nacho. Ukishikwa na simu lindoni unaandikiwa onyo. Mimi nilikuwa na mawili tayari, na la tatu ni kurudishwa kwenu. Mwenzangu wa zamu, Mganda mpole, alikubali kunishikia mlango nikaongee chooni. Saa nne na dakika chache simu ikatetemeka mfukoni. Mganda akaniashiria kwa kidevu: nenda. Papo hapo wageni wenye suti wakaingia, na msimamizi wetu nyuma yao. Hata hakunitazama. Ningeweza kwenda. Nikatia mkono mfukoni nikakata.

Ikatetemeka tena. Nikaizima kabisa. Jamani, hakuna aliyenizuia. Niliogopa tu.

Jioni, ndani ya basi la kurudi kambini, nikaiwasha nikamwandikia dada kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Njia ya mwongo ni fupi. Akanipigia hapo hapo.

"Simu tuliiweka juu ya kiti, mbele ya watu," akasema. "Chifu akaishikia kipaza sauti. Baraza zima kimya, tunaisikiliza ikiita. Halafu ikakatwa. Tukapiga tena, ikazimwa. Mtandao haukati hivyo, kaka."

"Na afisa?"

"Alingoja, maskini. Mwisho akaandika kwamba hakuna shahidi. Leseni mpya wamepewa."

Kwenye kiti cha mbele watu walikuwa wakiichekea video. Nikatamani mmoja wao aniulize nina nini, lakini angeniuliza kwa lugha gani?

Dada akampa mama simu. Nilisikia kikohozi kwanza, kirefu, nikangoja mpaka akapata pumzi.

"Mama," nikaanza, "ukweli ni kwamba mimi..."

"Nimewaambia wote ni mtandao," akanikatiza. "Na wewe ukirudi useme hivyo hivyo, mwanangu."