Kesi ya Malkia na Mama Yangu

Chuoni Kampala tulifundishwa kwamba Malkia hatawali. Serikali hutawala kwa jina lake; yeye huulizwa, hushauri, huonya, kisha hutia sahihi. Nilimuuliza mwalimu, na akionya wasimsikie? Akasema swali hilo halina maana. Nilirudi nyumbani likizo nikiwa bado nalitafuna.

Mama alikuwa skwota kwenye shamba la mzungu, nje kidogo ya Kitale. Alipalilia mahindi ya bwana ili ng'ombe wake mwenyewe watano wapate malisho. Mwaka ule alipotawazwa Malkia mpya, bwana alitangaza kwamba mifugo ya maskwota iondoke yote. Msako huo watu waliuita kifagio. Kwa jirani yetu kilikuwa kimeshapita: ndama wawili walipigwa risasi zizini, na mwenye ndama akavunjwa taya.

Mama hakutikisika. Alikuwa na picha ya Malkia, aliyoikata kwenye kalenda ya duka la Singasinga mjini.

"Huyu si ndiye mama yao hawa wazungu?" aliniuliza.

"Mayi, huyu hajui hata Kitale iko wapi."

"Wana wakipigana, mama akisimama katikati, fimbo zinaanguka. Lazima ajue Kitale?"

Kwetu Wabukusu ndivyo ilivyo. Mwanamke aliyezaa akiingia kati ya wanaume wanaopigana, atakayeinua mkono amejilaani mwenyewe. Nilicheka. Nikamwambia, kwa ujeuri wa kisomo, "Haya, jaribu uone."

Walikuja asubuhi: bwana, nyapara wake na askari wawili. Mama alisimama mlangoni mwa zizi, picha kifuani. Nyapara, Mbukusu mwenzetu, alisita.

"Mayi, si utoke hapo? Ati unataka nifukuzwe kazi?"

"Nipige basi. Tupige sisi wawili, mimi na huyu wa pichani."

Nyapara akaiacha fimbo ianguke. Kwa pumzi moja niliamini kila kitu ambacho nilikuwa nimekicheka. Kisha bwana akasogea, akaichukua picha mikononi mwa mama taratibu, akaifuta vumbi kwa leso, akampa askari mmoja aishike vizuri. Akamgeukia askari wa pili, akaashiria kwa kidevu.

Rungu la kwanza lilivunja mkono. Nilisikia mfupa. La pili lilimpata mgongoni alipokuwa ameshaanguka kwenye samadi. Nilimrukia yule askari, nikapigwa kitako cha bunduki mdomoni, nikatema meno mawili. Ng'ombe walitoka mbio wakipita juu ya miguu ya mama, na askari wa picha alikuwa bado ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyebeba mayai.

Wiki mbili baadaye mama alipelekwa kortini kwa kosa la kuzuia askari kazini. Karani aliisoma kesi: Malkia dhidi ya mama yangu. Mkalimani alipotafsiri, mama aliinuka.

"Ananishtaki yeye mwenyewe?"

"Ndivyo inavyoandikwa," mkalimani alijibu.

"Basi aje aseme nilichomkosea. Mimi nimekuja na mkono uliovunjika. Yeye yuko wapi?"

Korti ilicheka. Hakimu aligonga meza. Hukumu ilikuwa fupi: ng'ombe waliochukuliwa wasirudi, na mama ahame shambani siku hiyo hiyo, arudi kwa ndugu zake Bungoma.

Nje, mama alinishika shati. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Umeona? Mshtaki hakutokea."

Kwenye baraza la wazee wetu, mshtaki asipofika kesi huanguka, na mali hurudi kwa mwenyewe. Nilimweleza kwamba Malkia haendi kortini, ni jina tu, kama kule serikalini.

"Jina haliwezi kuchukua ng'ombe," alisema, akashika njia ya shamba.

Nilijua wangemuua. Nilimfuata, nikamsihi, nikampigia magoti barabarani. Alinipita. Nikamkamata kiunoni. Aliniuma begani hadi damu ikatoka, akanipiga usoni kwa mkono mzima, akiniita nyapara. Nikamwinua na kumtupa nyuma ya lori la mahindi lililokuwa likienda Bungoma, na alipojaribu kuruka nikamkandamiza juu ya magunia kwa goti langu, huku mkono wake uliovunjika ukiwa chini yake na yeye akilia.

Sikumwachilia hadi tulipopita Misikhu, mbali na Kitale.