Chafya Chini ya Mkole

Sikucheka. Nilipiga chafya. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu tangu nilipochezwa ngoma, kuanzia kwetu Janga hadi Kisarawe, sijampata mtu wa kunisadiki.

Mkole wetu ni mti mkongwe uliosimama kando ya makaburi ya wazee. Kila mwali wa ukoo hupelekwa pale. Kwanza husomwa Fatiha, kisha unga wa mtama hunyunyizwa shinani, ndipo ngoma huanza. Mwali hulala kifudifudi, kafunikwa nguo, na hatakiwi kucheka hata wanawake wamwimbie upuuzi gani. Mimi nilikuwa nimejizoeza nyumbani, uso mkekani, huku nikijitekenya mwenyewe. Nilitaka pasiwe na dosari. Unga ukaniingia puani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akasimamisha ngoma na kutangaza, "Mwali kacheka."

Ikarudiwa tangu mwanzo. Mimi nikabaki na jina la Mwali Kicheko, na mpaka leo mama mkwe huniita hivyo akitaka kunikera.

Niliapa kumlipa shangazi mbele ya mkole uleule. Hakuna aliyenifundisha kutunga nyimbo. Nilijifunza kwa kutwanga, mchi ukinipa mapigo. Vita vilikuwa vimekwisha na kanga zimerudi madukani, na shangazi alikuwa na moja mpya yenye doa la mafuta. Watu walinong'ona kwamba kila karamu huondoka na nyama kaifunga humo. Nikatunga:

Shangazi mbio mbio, kangani mna moto,
Kumbe moto si moto, paja la kuku wa watoto.

Niliuchonga wimbo ule hadi nikakosa usingizi. Nilianza na "mguu", nikaona hauumi, nikaweka "paja".

Zamu ya binti wa shangazi ilipofika, wote tulikwenda mkoleni. Fatiha ilisomwa, unga ukanyunyizwa, duara likafungwa. Kwetu anayeimbwa lazima aingie kati. Nikautupa wimbo wangu. Mpiga ngoma akaudaka. Nilimkodolea macho shangazi nikisubiri alie, au aondoke.

Akajifunga kanga kiunoni. Akaingia akirukaruka, kashika pindo kama lenye kaa la moto, akipuliza vidole na kulalamika kwamba kuku huyu anamuunguza. Wanawake waliangukiana kwa kicheko. Hata mwali chini ya nguo alitikisika mabega, nami nikamtazama shangazi asimamishe ngoma. Hakuisimamisha.

Badala yake akanijia, akanibandika sarafu kwenye paji la uso kunituza.

"Umenitungia vizuri, mwanangu," akasema. "Siku ile ulipocheka hapa, sikujua una akili hizi."

"Nilipiga chafya, shangazi."

"Basi leo cheka."

Sikucheka. Nilikuwa mtu pekee pale asiyecheka.

Sasa wimbo ule huimbwa kila ngoma, mpaka Mlandizi. Watu huuita wimbo wa shangazi, naye huitwa kuucheza, hupewa sahani yake na paja juu. Nimewaza sana nilipokosea. Nilikosea kwa kuunyoosha. Mapigo yalikaa sawa mno, na mtu mwenye kiuno kama chake hawezi kuyaacha yapite.

Binti yake wa pili anakaribia kuvunja ungo. Nimekwisha kuanza kutunga. Safari hii natafuta maneno yasiyochezeka.