Siku mtani wetu Mzaramo alipomdhamini mama mbele ya Liwali

Alhamisi, mwisho wa mwezi wa kwanza. Manyunyu tangu alfajiri, hayanyeshi wala hayaachi.

Hivyo ndivyo nilivyoiandika siku hiyo kwenye daftari la shule, maana mwalimu wetu alituzoesha kuandika hali ya hewa kila siku. Mwaka sikuuandika. Nilikuwa darasa la tatu, Mwingereza bado yupo, na Tabora ilikuwa mji wa treni na maembe kama mnavyoijua.

Wakuu, salaam. Nikipiga hesabu zangu, humu ndani hakuna wa kunizidi umri, basi shikamoo zenu nazipokea kwa mpigo mmoja: marahaba. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na pale nilipoambiwa nitasema nimeambiwa.

Kilichonisukuma ni ule uzi wa juzi, mnaobishana kuhusu hizi sheria mpya za maadili zinazotungwa huku na huko duniani.

Wengine mnasema serikali imeingia mpaka vyumbani mwa watu. Wengine mnasema mji umeoza, sheria ziongezwe.

Nimesoma kurasa zote. Nikimsoma huyu naona ana haki, nikimsoma yule naye naona ana haki. Ndivyo nilivyo tangu utoto, sijui ni sifa au ni ugonjwa. Kwa hiyo siamui. Nawapa kisa cha mama yangu tu.

Mama aliitwa Paulina, Mnyamwezi wa Lusu, kule Nzega. Baba alikuwa kibarua wa reli. Alikufa kwa homa nikiwa mdogo, akazikwa hapa hapa Tabora.

Tukabaki wawili, mimi na mama, katika chumba cha kupanga Gongoni. Alikuwa akiuza matobolwa kwa abiria wa treni, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi. Ukivitafuna na karanga unafika Dodoma huna njaa.

Njia ya kwenda stesheni ilipita mbele ya duka moja la Mwarabu, na barazani pale alikaa Mzee Kondo na cherehani yake. Huyu alikuwa Mzaramo, Mwislamu, mwenyeji wa mji kuliko sisi.

Kwa vijana msiojua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kwenda pwani kwa miguu, wakapita kwao. Wengine walifia njiani, na waliowazika hawakuwa ndugu zao. Inasemekana utani ulianzia hapo. Mimi nimeambiwa, sikuwepo.

Basi kila asubuhi ilikuwa vita. Mama hakumpa yule mzee shikamoo hata siku moja, ingawa alikuwa umri wa baba yake. Mimi nililazimishwa kumpa.

"Mpagazi," Mzee Kondo angeanza, bila kuinua macho kwenye cherehani, "mbona leo mzigo mwepesi? Mmezeeka kabila zima?"

"Nimebeba akili," mama angejibu, "nazipeleka kwenu pwani. Nasikia zenu mlibadilisha na ngoma."

Halafu mzee anachota karanga kwenye ungo wa mama bila kuomba, na mama anaokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani bila kuomba. Hakuna asante. Na kila mpita njia aliambiwa na Mzee Kondo kwamba huyu ni mke wake, alimpata kwa kipande cha kaniki, na kaniki yenyewe ilikuwa imetoboka.

Watu walicheka, tukaenda stesheni.

Sasa tuje kwenye sheria.

Mwezi huo mpiga mbiu alizunguka mitaani. Amri mpya: ngoma za usiku basi. Na mwanamke yeyote anayeishi mjini bila mume, wala mwanamume wa kumdhamini, atarudishwa kwao.

Niwe mkweli, mama aliikubali amri ile. Alisema imechelewa. Stesheni alikuwa anawaona wasichana wakishuka kwenye treni na kifurushi kimoja, hawajui wanakwenda kwa nani, na wanaume wanawangojea pale pale. Jirani yetu mmoja alikuwa na binti wa namna hiyo chumbani. Mama alisema, afadhali arudishwe kwa mama yake.

Haikumpitia akilini kwamba amri inamsema na yeye. Alijiona ni mjane, mtu na kazi yake.

Siku chache baadaye tarishi mpya wa Liwali alikuwa amesimama pale barazani kwa Mzee Kondo. Kijana wa mbali, wa kusini huko, amelelewa misheni, mambo ya watani wetu hayajui. Akamsikia Mzee Kondo na wimbo wake wa mke na kaniki. Akamuuliza mama kwa adabu kabisa, je, huyu ndiye mumeo?

Mama akacheka. "Huyu? Huyu hata mbwa wangu simwozi."

Yule kijana akaunganisha alivyoweza. Mwanamke hana mume, barabarani anaitwa mke, na anamtukana mzee hadharani. Akamwita mbele ya Liwali, Alhamisi.

Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningesikia alichosikia. Na alimsaidia mama kujitwisha ungo.

Habari zikafika Lusu haraka kuliko treni, naona kuna mtu alizipeleka. Jumatano baba mdogo Masanja akafika.

Huyu alikuwa mdogo wake baba. Nataka nimtendee haki kwa sababu hadithi za namna hii humgeuza mtu kama yeye kuwa fisi. Hakuwa fisi. Kila mavuno alituletea mtama. Lakini kwa desturi alikuwa na haki ya kumrithi mama, na alikuwa anaitaka. Alikuwa na mke tayari. Na kuhusu mimi alishasema msichana akijua kusoma jina lake inatosha.

Kwa hiyo kama Liwali angesema mama arudi, tungerudi naye Masanja. Mama angekuwa mke wa pili bila kupenda, na shule yangu ingeishia hapo. Hilo nililijua, ingawa hakuna aliyenieleza.

Jioni ile Mzee Kondo akaja kwetu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila cherehani, alionekana mfupi. Hakumtania mama hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mdomo wangu ndio uliokuponza," akasema. "Kesho nitasema kweli nimekuoa. Nani atauliza?"

Mama alikuwa anapepeta karanga. "Atauliza Mungu. Akimaliza, atauliza Bi Mwamvua."

Bi Mwamvua ndiye mkewe. Mzee akacheka kidogo, kwa shida, akaondoka. Hawakupanga kitu kingine.

Asubuhi tukaenda katika yale manyunyu. Baraza lilijaa. Liwali amekaa kitini, wazee wa baraza pembeni yake, karani mezani, sisi tumesimama. Kabla yetu waliitwa wanawake wawili. Wote wakaamriwa kurudi kwao. Mmoja alilia, mmoja hakulia. Yule wa pili ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Ikafika zamu yetu. Baba mdogo akasema maneno yake vizuri: huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, nyumba ipo, shamba lipo, hatalala njaa, nimekuja kwa heri. Yote yalikuwa kweli.

Mama akaulizwa. Akasema hataki kurithiwa, na mtoto anasoma.

Liwali akamwambia, kwa upole, kwamba amri haiulizi anataka nini. Inauliza kama yupo mwanamume hapa mjini wa kujibu kwa ajili yake. Yupo?

Mama akanivuta karibu. Mkono wake ulikuwa begani kwangu na nilihisi vidole.

Mzee Kondo akasimama kutoka nyuma. Futi yake ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni, nadhani alisahau.

Liwali akamuuliza, wewe ni nani wake?

"Mtani wake."

Baraza zima likacheka, hata karani. Liwali akasema alisikia kwamba ni mume. Mzee akajibu kwamba Mzaramo mwenye akili haoi punda wa mizigo, na watu wakacheka tena. Hapo nikaona tumekwisha, kwa sababu kesi inayochekesha ni rahisi kufunga.

Lakini yeye hakucheka.

"Mumewe alipokufa, kaburi nililichimba mimi. Nikashuka nikalala humo, nikasema hapa pazuri, marehemu akatafute kwingine, mpaka huyu mjane akacheka mbele ya maiti ya mume wake. Ndiyo kazi yangu, niliifanya. Siku ile hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wake. Leo yu hai, ndipo mnaniuliza?"

Wakuu, siku ya mazishi yale nilikuwa mdogo sana, lakini kicheko kile cha mama nakikumbuka. Nilidhani mama amepona huzuni.

Mzee mmoja wa baraza, Mnyamwezi mwenzetu, akapinga. Akasema utani ni wa mchezo na wa msiba, si wa kukaa na watu. Kila mwanamke akileta mtani wake, amri hii itakuwa imekufa kabla ya sala ya Ijumaa. Nimelifikiria neno lake miaka yote hii na bado naona alikuwa na hoja.

Liwali akamgeukia baba mdogo, akamuuliza swali moja tu: ni kweli, kaka yako alizikwa na huyu?

Hapa ndipo ninapotaka mtulie.

Baba mdogo angeweza kusema hajui. Angeweza kusema tulizika wote. Nani angembishia, kaburi lina miaka? Alitazama chini, kofia mkononi.

"Ni kweli," akasema. "Mimi treni ilinichelewesha. Nilikuta kaburi limeshafunikwa. Ndugu aliyekuwepo ni huyu."

Alisema ndugu. Nilisikia mwenyewe.

Liwali akasema kama alitosha kuzika, anatosha kudhamini. Mama atabaki mjini. Likija lalamiko lolote juu yake, ataitwa Mzee Kondo. Na waache kutukanana njiani, akaongeza, angalau mbele ya wageni.

Hilo la mwisho walilitii siku mbili hivi.

Nimalize kwa haki. Wale wanawake wawili sikuwahi kujua walifikaje. Labda hawakuwa na mtani, labda walikuwa naye hakusimama. Nikishukuru kwa ajili ya mama, nawakumbuka na hao, na shukrani yangu inakuwa na doa. Kwa upande mwingine, yule binti wa kwa jirani alirudishwa kwao kwa amri ile ile, na miaka baadaye alikuja Tabora na watoto wake akasema ilimwokoa. Amri moja, na hawa na hao. Mnisaidie kuihukumu, mimi nimeshindwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Amri ile ilimjua mume, ilimjua ndugu wa damu, basi. Watani, majirani, watu wanaoshikana mikono hivi hivi, haikuwajua kabisa. Kila sheria nadhani ina watu isiowaona. Ikiwa mwenye kuishika yuko tayari kuuliza swali moja zaidi, na mwenye kujibu yuko tayari kusema kweli inayomuumiza, watu hao wanaonekana. Siku ile walipatikana wote wawili. Mwingine hawapati, na sijui kwa nini sisi tuliwapata.

Nilisoma hadi darasa la nne. Si elimu nyingi, lakini kila herufi mnayoisoma hapa imetoka kwenye jibu la baba mdogo na kaburi alilolichimba Mzee Kondo. Wote wametangulia. Mungu awape pumziko, kila mmoja kwa dini yake.

Sasa nanyi semeni. Ni nani aliyewahi kusimama kwa ajili yako wakati karatasi za serikali hazimtambui? Na wale mnaotaka sheria ziwe kali, msikae kimya, nitawasoma kwa heshima ile ile.

Lo, nusura nisahau jioni ile.

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Mzee Kondo na Bi Mwamvua walikuja moja kwa moja hadi uani, na kabla hatujawakaribisha mzee alikuwa ameshamkamata jogoo wetu, akasema hiyo ndiyo haki ya mtani, akamchinja mwenyewe. Baba mdogo naye alikuwepo, treni yake ni ya asubuhi. Mama akatandika mkeka mmoja kwa wote, jambo ambalo hatukulizoea.

Filigisi, mnajua, ni ya mwanamume mwenye nyumba. Mama akaiweka mbele ya baba mdogo. Baba mdogo akaitazama, akaisogeza kwa Mzee Kondo. Mzee Kondo akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya mama.

"Kula, mpagazi. Mzigo wa nyumba hii umeubeba wewe."

Mama akaila polepole, hakumjibu, na ndiyo mara pekee niliyoona Mzaramo akimshinda. Sisi wengine tulikula ugali wa mtama na mchuzi wa jogoo wetu, na nsansa, yale majani makavu ya kunde, iliyoungwa kwa karanga.