Nadharia Niliyoizika Chome

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kama muuza tangawizi. Nilishusha gunia langu kwenye nyumba waliyopanga watafiti pale Same mjini, nikawakuta wanabishana jinsi ya kuwaambia watu wa milimani kwamba wanataka kupima subira yao, bila kuwaudhi. Nikaingilia kati. Nikaeleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, na kabla chai yao haijapoa nilikuwa mdadisi, yaani mtu wa kuwafuata wananchi na kuwahoji. Elimu yangu darasa la saba, basi. Mdomo wangu ndio chuo kikuu.

Nyie vijana wa leo mna vishikwambi. Sisi kifaa chetu kikubwa kilikuwa ungo wenye choroko na maharage yaliyochanganywa. Unapata kwanza ridhaa ya mshiriki, yaani akubali kwa hiari yake, kisha anachambua. Akichoka anaacha, hakuna lawama, na wewe unaangalia saa. Nadharia tete ya mradi, dhana ambayo bado haijapimwa, ilisema waliokulia milimani wana subira kuliko watu wa tambarare. Mimi mzaliwa wa Chome, huko huko milimani, niliipenda kama mwanangu wa kumzaa.

Tulianzia tambarare, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kule watu walikuja mmoja mmoja, kila aliyepata nafasi kutoka kwenye samaki wake, na wengi waliacha mapema. Tukapanda Chome. Ukungu ulikuwa mzito, tukawaketisha wote pamoja ndani ya ukumbi wa kanisa. Bwana wee! Walichambua mpaka punje ya mwisho, wakanyanyuka pamoja.

Njiani tukirudi sikufunga mdomo. Msimamizi wa Uwandani, mkubwa wa wadadisi wote, alikuwa anaondoka, na Mtafiti Mkuu, mama tuliyemwita Dokta, alikuwa anatafuta wa kushika nafasi yake. Nikajua ni yangu.

"Milima imeshinda," nikasema. "Rehema, kwenu mnajua kukimbilia samaki tu."

Rehema, mdadisi mwenzangu wa Nyumba ya Mungu, akacheka. "Subira gani, Mpare wewe? Wale walikuwa wanachungana! Ni kama kwenye msaragambo wenu, kijiji kikilima pamoja. Nani ataweka jembe chini wa kwanza, kijiji kizima kinamtazama?"

Dokta akageuka. "Rehema, rudia hapo."

Akarudia. Dokta akaniuliza, "Mbwambo, ukiwapima mmoja mmoja, tutaona nini kama wewe ndiye uko sahihi?"

"Watakaa vilevile, Dokta."

"Na wakiacha mapema?"

"Basi Rehema ndiye kapatia."

"Nenda kawapime."

Nikapanda tena, safari hii na washiriki wapya pamoja na wachache wa zamani, kila mmoja peke yake kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Aliyenitia jasho ni Bibi Namsifu, ambaye ukumbini alichambua kwa ukali kuliko wote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Ungo haujafika hata nusu akausukuma.

"Nimechoka, mwanangu."

"Lakini siku ile, Bibi..."

"Siku ile ningeachaje, na mke wa mchungaji bado anachambua?"

Hapo ndipo mdadisi anapimwa. Neno moja tu, "jikaze kidogo, Bibi," angeendelea, maana mimi ni mtoto wa kijijini kwake. Cheo changu kilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikaushika ulimi, nikaandika saa ilivyosoma. Na waliofuata karibu wote wakaacha kama yeye.

Nilishuka na habari hiyo mwenyewe. Tena nikamwambia Dokta haitoshi: watu wa Nyumba ya Mungu nao tuwaketishe kwa makundi. Tukawaketisha. Wakachambua mpaka punje ya mwisho, kama Chome.

"Kwa hiyo mlima haukuhusika," Dokta akasema. "Nadharia yako imekufa, Mbwambo."

"Imekufa, Dokta. Nimeizika mwenyewe, na kaburi nimechimba mimi."

Akanipa mkono. "Mtu anayeweza kuniletea ushahidi wa kumwangusha mwenyewe ndiye ninayemtaka. Usimamizi ni wako."

Nikaushika miaka mingi, kuanzia Gonja mpaka mashamba ya mkonge, na hakuna mdadisi aliyepita mikononi mwangu akabaki mzembe. Sasa nimepumzika kwa hiari yangu, nguvu ninazo bado. Vijana wakija kuniamkia nawauliza jambo wanaloliamini sana, kisha nawauliza: ukiona nini utakubali umekosea? Asiyekuwa na jibu namwambia bado hajaanza kazi.

Rehema naye hupita hapa na samaki wake, akipaza sauti tangu barabarani, "Wapare hamna subira!"

Simbishii. Ushahidi niliuteremsha mwenyewe kutoka Chome.